Kitufe cha Kijivu

Bi Gwenllian Pugh, hunijui.
Mimi ni namba 0417, zamu ya usiku, Cork,
ghorofa ya tatu, dirisha linalotazama maegesho ya magari
na mvua isiyojua kwamba watu wana saa za kazi.
Jumanne, saa tisa na dakika kumi usiku,
ni mimi niliyekufungia duka.

Duka! Tuseme meza ya jikoni,
kopo la biskuti lililojaa magurudumu ya saa,
koleo za marehemu mumeo, lenzi yake ya jicho moja,
na picha ulizopiga juu ya kitambaa kile kile
hadi nikazijua nyuzi zake zilizofumuka.
Vitu thelathini na kimoja kwa miaka minne.
Hakuna aliyelalamika
ila mmoja wa Leeds: kwamba ulikifunga kifurushi mno,
akajikata kidole akikifungua.

Kosa lako liko hapa, kwa wino mwekundu:
uliandika kwamba mkanda unafaa saa za Uswisi,
ukalitaja jina.
Ukalitaja tena. Ya tatu ni mlango.
Nikabonyeza.
Kitufe cha kwenu ni chekundu, laini,
huitika upesi kama mtoto aliyelelewa.

Aliyefuata kwenye foleni hana jikoni.
Ana maghala matatu nje ya Rotterdam,
bidhaa laki mbili na ushei,
na saa zenye jina lile lile, si la kufananisha,
limechapwa usoni, nyuma limekosewa herufi.
Malalamiko elfu moja na mia nne.
Mtu wa Gdańsk anasema akrabu zilidondoka ndani ya kioo,
zikawa zinalia humo kama kayamba.
Mwingine alitumiwa sanduku tupu
lenye kikaratasi cha shukrani.
Nikapeleka kidole.
Kitufe kilikuwa cha kijivu.

Kijivu, Bi Pugh, si rangi. Ni amri.
Ukikigusa kinasema: Muuzaji wa thamani. Peleka juu.
Nikapeleka juu.
Hiyo Juu sijawahi kuiona. Lifti yetu inaishia ya nne,
na ya nne ina mashine ya kahawa tu.
Robo saa haikuisha, Juu ikajibu:
Limeshughulikiwa.
Kulipokucha saa zile zilikuwa ukurasa wa mbele,
zimepunguzwa bei.

Siku ya mafunzo, Sorcha msimamizi alituambia
sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.
Nimeukagua huu wangu chini ya taa.
Meno yako upande mmoja,
na mpini
ameushika mtu mwingine.

Kisha ukaleta rufaa.
Wengine hututukana; wewe ulianza na "Mpendwa".
Ukauliza umekosa wapi, ili usirudie.
Ukasema saa ya shaba imefika pauni sita,
mnada wake unaisha Alhamisi,
na kama tungeweza kuuacha huo mmoja umalizike,
maana bwana wa Hexham anaingojea,
baba yake alikuwa na kama hiyo.

Nina majibu kumi na manne, yameandikwa zamani.
Hakuna lenye "samahani" inayosimama peke yake;
kila mara imefungwa kamba kwenye "usumbufu".
Nikakutumia la tisa.

Mwisho wa mwezi wamebandika bango:
wauzaji elfu sita wameondolewa, soko ni salama.
Sorcha alileta keki ya limau.
Nilikula. Ilikuwa nzuri, sitakudanganya.

Haya nayaandika nyuma ya ratiba ya zamu,
na hayatafika kwako; anwani yako ilifutwa pamoja nawe.
Ila nikiketi tu, kabla ya foleni,
nalifungua faili la yule wa Rotterdam
na kubonyeza kile cha kijivu, mara moja.
Hakifanyi kitu. Hata sauti hakitoi.
Nabonyeza.
Halafu namwita anayefuata,
naye, kama kawaida,
ana kitambaa cha mezani.